Ukumbi wa Portland ulionifanya nimwamshe dada saa 10 alfajiri

Dada yangu alinipa kazi moja kabla sijapanda ndege. Hakutaka viatu wala simu.

"Nenda kaniangalizie huo mpira wa kikapu wa Marekani," aliniambia tukiwa jikoni kwake Tabata, Dar es Salaam. "Ukirudi uniambie kama niuze kiwanja au nisiuze."

Kiwanja chenyewe kipo Chanika. Alikinunua kwa kudunduliza fedha za kikoba kwa miaka sita. Mwanaye wa kwanza ana miaka 15, yupo kidato cha pili, na kwa urefu ameshatupita wote nyumbani. Kuna mtu anayejiita wakala alimfuata uwanjani akamwambia ana kipaji, na kwamba wazazi wakitoa fedha atamtafutia shule Marekani yenye timu ya kikapu.

"Akishafika kule, NBA ni hatua mbili tu," alisema bwana huyo.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Habari za michezo nazisoma kama msomaji mwingine yeyote. Lakini mama yetu mdogo anaishi Portland, jimbo la Maine, kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani, na Februari nilikuwa nakwenda kumtembelea kwa wiki mbili. Portland hii si ile ya Oregon yenye Trail Blazers wa NBA. Hii ni ndogo, ipo upande wa pili wa nchi, na timu yake inaitwa Maine Celtics. Ni timu ya ngazi ya chini inayomilikiwa na Boston Celtics.

Nikamwambia dada nitakwenda kuangalia.

Mji wa kambakoche

Kutoka Boston hadi Portland ni mwendo wa saa mbili kwa basi. Upande wa kulia kuna Bahari ya Atlantiki, ingawa kwa sehemu kubwa ya safari huioni, unaona miti na theluji tu. Niliposhuka, upepo ulinipiga usoni hadi machozi yakatoka. Mama mdogo alikuwa amekuja na koti la ziada. Alinivalisha palepale kituoni kama mtoto wa chekechea, akafunga zipu mpaka kidevuni.

Maine inajulikana kwa kambakoche. Wapo kwenye mabango, kwenye fulana na kwenye sumaku za friji. Hata timu ya kikapu ilipoanza kucheza mwaka 2009 iliitwa Maine Red Claws, yaani makucha mekundu, kwa heshima ya mdudu huyo wa baharini. Mwaka 2019 Boston Celtics waliinunua, na mwaka 2021 jina likabadilishwa kuwa Maine Celtics. Kambakoche hakufukuzwa. Bado kuna mtu anavaa vazi lake jekundu, anaitwa Crusher, na kazi yake ni kuchekesha watoto mchezo unaposimama.

Ukumbi wao ni Portland Expo. Ni jengo la matofali lililojengwa mwaka 1914, lina nafasi ya watu kama 3,000. Ukilinganisha na Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, watu wote wa Expo wangekaa kona moja tu. Ndani kuna joto, kuna harufu ya bisi, na unakaa karibu kiasi kwamba unasikia viatu vya wachezaji vikilia kwenye sakafu ya mbao.

Watazamaji wengi walikuwa familia. Baba mmoja alikuja na watoto wanne na mfuko wa vitafunio. Mabibi wawili walikuwa wanafuma soksi huku wakimzomea mwamuzi.

Hatua mbili zina ngazi ngapi?

Aliyenifafanulia mambo ni mtoto wa mama mdogo, mdogo wangu mwenye miaka 12. Anaijua ligi hii kama sisi tunavyojua Simba na Yanga.

Ligi yenyewe ilianza mwaka 2001 ikiwa na timu nane. Tangu 2017 inaitwa G League. Leo kila klabu kati ya 30 za NBA ina timu yake huku chini. Tunaofuata soka tungeweza kufikiria mchezaji anayepelekwa kwa mkopo, lakini hapa mara nyingi mwenye timu kubwa na mwenye timu ndogo ni yuleyule. Makocha wanafundisha mfumo mmoja, ili kijana akiitwa Boston leo, kesho aweze kuingia uwanjani bila kupotea.

Wapo wa aina tatu. Wa kwanza ni mchezaji wa NBA aliyeshushwa kwa muda apate dakika za kucheza au arudi taratibu baada ya kuumia. Wa pili ana mkataba wa pande mbili, anapanda na kushuka kati ya timu hizi mbili. Kila klabu ya NBA inaruhusiwa watu watatu tu wa namna hiyo. Wa tatu, ambao ndio wengi, wana mkataba wa G League peke yake.

Hapo ndipo nilipotoa daftari. Mchezaji wa aina hii ya tatu analipwa takribani dola 40,000 kwa msimu, kabla ya kodi. Timu inampa mahali pa kuishi na bima ya afya. Kwa Tabata ni fedha nyingi. Kwa Marekani ni mshahara wa kijana anayejitegemea na kuhesabu kila senti. Mchezaji mpya wa NBA, hata wa kiwango cha chini kabisa, anapata zaidi ya dola milioni moja. Na hawa wa chini husafiri kwa ndege za abiria wa kawaida, magoti yao marefu yakigusa kiti cha mbele.

Sasa piga hesabu nami. Klabu za NBA ni 30. Kila moja ina nafasi 15 za kawaida na tatu za pande mbili. Jumla ni 540, kwa dunia nzima. Vijana niliokuwa nawaangalia pale Expo, wanaoruka kana kwamba sakafu inawasukuma, wengi wao walikuwa nyota wa vyuo vikuu vyao, na bado walikuwa nje ya mlango wakibisha.

Wapo wanaofunguliwa. Neemias Queta, mzaliwa wa Lisbon ambaye wazazi wake wametoka Guinea-Bissau, alicheza Maine kwa mkataba wa pande mbili msimu wa 2023/24. Msimu huohuo akapewa mkataba kamili Boston, na timu ikatwaa ubingwa wa NBA. Kocha aliyewaongoza kwenye ubingwa huo, Joe Mazzulla, naye aliwahi kuwa kocha msaidizi hapahapa Maine.

Na yupo wa kwetu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyesoma Makongo, alichaguliwa na Memphis Grizzlies mwaka 2009 akiwa wa pili kati ya vijana wote waliosajiliwa mwaka huo. Tulishangilia nchi nzima. Februari 2010, kabla hata msimu wake wa kwanza haujaisha, alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi hii ya chini, katika jimbo la baridi kali la North Dakota. Kabla yake hakuna mchezaji aliyechaguliwa nafasi ya juu hivyo aliyewahi kushushwa huko. Simtaji kwa kumdharau. Alifika mahali ambapo Mtanzania mwingine hakuwahi kufika. Namtaja kwa sababu wakala wa dada yangu alisema hatua mbili, na hata mtu wa namba mbili aliambiwa ashuke ngazi kwanza.

"Hapa ndio tulilala"

Kando yangu alikaa mama wa makamo aliyevaa kitenge juu ya koti zito. Aliposikia nikimwambia mdogo wangu "shika vizuri soda usimwage", aligeuka.

"Dada, unatoka wapi?"

Yeye anatoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Tulisalimiana kama ndugu waliopoteana, nikiwa na Kiswahili changu cha Dar na yeye na chake cha Kivu. Nilimuuliza kama anapenda sana kikapu. Akacheka, akanyoosha kidole kuelekea chini ya goli la kushoto.

"Hapa ndio tulilala. Miye na batoto batatu. Kitanda yetu ilikuwa pale."

Mwaka 2019, kuanzia Juni, mamia ya waomba hifadhi waliwasili Portland kwa mabasi kutoka San Antonio, Texas. Wengi walikuwa Wakongo na Waangola. Walikuwa wamepita Amerika Kusini, wakavuka kwa miguu msitu wa Darién kati ya Colombia na Panama, na baadhi walibeba watoto mgongoni njia nzima. Mji ulikosa pa kuwaweka, ukafungua Expo. Vitanda vya kukunja vilipangwa kwenye sakafu hiihii ya kikapu. Wakazi walileta nepi, nguo na chakula, wakachanga mamia ya maelfu ya dola. Katikati ya Agosti familia zilikuwa zimehamishiwa kwenye nyumba, na ukumbi ukarudi kwenye shughuli zake. Mwaka 2023 Expo ilifunguliwa tena kwa kazi hiyohiyo.

Leo mwanaye wa pili ana miaka 14, yupo sekondari, na anacheza kwenye timu ya shule. Baadhi ya mechi za shule huchezwa humu.

"Alilala hapa, sasa anachezaka hapa," alisema, macho yakiwa bado kwenye goli.

Nikamuuliza, kwa tabia ya kazi yangu, kama ilikuwa vigumu mtoto kuingia timu. Akasema kilichomtesa zaidi ni fomu. Kabla mtoto hajagusa mpira, shule ilitaka daktari ampime na mzazi ajaze maswali.

"Banaulizaka kila kitu. Kama mutoto alishaanguka akikimbia. Kama kuna mutu wa jamaa alikufa ghafla, akiwa kijana." Alinyamaza kidogo. "Nilimuuliza yule muganga, kufa ghafla kwa risasi nako tuandike? Akaniambia hapana mama, ni moyo tu."

Sikujua la kumjibu. Timu zilikuwa zinakwenda mapumziko. Nikasema nakwenda kununua bisi.

Kisanduku ukutani

Kwenye korido, karibu na foleni ya bisi, kulikuwa na kisanduku ukutani chenye alama ya moyo. Ni mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Nimeandika kuhusu mashine hizi mara kadhaa. Moyo ukisimama ghafla, kila dakika inayopita bila kushtuliwa hupunguza uwezekano wa mtu kupona kwa takribani asilimia 7 hadi 10. Mashine yenyewe humwambia mtumiaji kwa sauti afanye nini, hivyo hata muuza bisi anaweza kuitumia.

Nilikumbuka habari ya Zeke Upshaw. Alikuwa na miaka 26 na alicheza Grand Rapids Drive, timu ya ligi hiihii. Machi 24, 2018, mchezo ukielekea ukingoni, alianguka uwanjani. Siku mbili baadaye alifariki dunia. Boston nao wana msiba wao: Reggie Lewis, nyota wa Celtics, alianguka kwenye mechi Aprili 1993, na Julai mwaka huo akafariki akiwa mazoezini. Alikuwa na miaka 27.

Halafu nikakumbuka jambo jingine, na bisi zikanitoka akilini.

Wiki tatu kabla ya safari, mpwa wangu aliniandikia WhatsApp: "Mamdogo, juzi nikiwa nakimbia uwanjani niliona giza nikaanguka. Nimeamka fresh. Usimwambie mama, atanikataza."

Mimi, mwandishi wa afya, mwenye shahada na cheti cha mafunzo ya kuripoti magonjwa yasiyoambukiza, nilimjibu hivi: "Kula ushibe kabla ya mazoezi, mwanangu." Nikaweka na kikatuni cha kucheka.

Kuzimia baada ya kusimama mstarini muda mrefu juani mara nyingi si jambo kubwa. Kuzimia katikati ya mazoezi, mtu akiwa anakimbia, ni kitu kingine. Ni dalili inayomtaka mtoto asimame kucheza mpaka apimwe. Nimeliandika hilo kwenye gazeti kwa mkono wangu. Lilipoingia nyumbani kwetu sikulitambua.

Expo ilikuwa saa mbili usiku. Dar ilikuwa saa 10 alfajiri. Nikapiga.

Dada alipokea mlio wa pili. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Mtoto asiende mazoezini leo."

Nilimweleza. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Wewe ulijua tangu lini?"

Nikamwambia. Hakunitukana. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Kipindi cha tatu na cha nne sikukiona vizuri. Mdogo wangu alinieleza kwamba kwenye ligi hii, mchezaji akipewa mitupo huru, kwa sehemu kubwa ya mchezo hurusha mara moja tu na mtupo huo hubeba pointi zote, kwa sababu NBA hujaribia sheria zake huku. Nilitikisa kichwa. Nilikuwa natazama kila kijana anayeanguka, nikihesabu mpaka ainuke.

Nilichorudi nacho

Mpwa wangu alipimwa wiki ileile. Alifanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, kisha kile cha kuutazama moyo ukipiga, na kipimo cha damu. Moyo wake ni mzima. Alikutwa na upungufu wa damu. Anatoka nyumbani saa 11 na nusu asubuhi bila kula, mchana anatumia fedha ya chakula kulipia nauli ya kwenda uwanjani, na jioni anakimbia saa mbili. Daktari alimpa dawa, akamsimamisha mazoezi kwa muda, akamwambia arudi apimwe tena kabla ya kugusa mpira.

Dada alilia hospitalini, si kwa sababu ya majibu. Alisema amejua bei ya kiwanja chake hadi shilingi ya mwisho, lakini hakujua mtoto wake anashinda na njaa.

Mzazi unayesoma hapa, kama una mtoto anayecheza mpira wowote, muulize leo, bila ukali ili asikufiche: Umewahi kuzimia au kuona giza ukiwa unakimbia? Kifua huuma ukicheza? Unaishiwa pumzi mapema kuliko wenzako? Moyo hukimbia ovyo? Kisha jiulize mwenyewe kama kwenye ukoo kuna aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50, akiwa hana ugonjwa uliojulikana. Jibu la ndiyo kwa swali lolote ni safari ya hospitali kabla ya mazoezi mengine. Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo kuwa minene kupita kiasi, hurithiwa, na mtu anaweza kuishi nao akionekana mwenye nguvu kuliko wote. Watoto warefu sana na wembamba, wenye vidole virefu kupita kawaida, nao waangaliwe kwa makini. Isaiah Austin, kijana wa Chuo Kikuu cha Baylor, aligunduliwa kuwa na ugonjwa unaoitwa Marfan mwaka 2014, siku chache kabla ya usajili wa NBA. Ugonjwa huo unaweza kudhoofisha mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo.

Na akianguka uwanjani, haitikii na hapumui kawaida, usimmwagie maji wala usimpepee. Mtu mmoja aite msaada na kutafuta usafiri, mwingine apige magoti na kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Kuhusu wakala, nilimwandikia dada maswali matatu ya kumuuliza: jina la shule ni nani, barua ya shule iko wapi, na kwa nini fedha ziende kwenye namba yake binafsi badala ya akaunti ya shule? Alimtumia yote kwa ujumbe mmoja. Alama mbili za buluu zilionekana. Jibu halijaja hadi leo.

Kijana hakufurahi. Aliniambia nimemsaliti mara mbili, kwanza kwa kusema siri, pili kwa kuhesabu zile nafasi 540. Nilimwambia kuhusu siri namwomba radhi kwa kuchelewa kuitoa. Kuhusu hesabu, aniletee yake kama yangu ni mbaya.

Kiwanja cha Chanika bado kipo. Dada amesema siku shule itakapoandika barua, yenye jina na anwani, watakaa chini wazungumze, na yeye hatakuwa wa kwanza kukataa. Kwa sasa amebadilisha jambo moja tu. Anaamka saa 10 alfajiri, saa ileile niliyomwamshia, anachemsha mayai na viazi, na hamfungulii mtoto geti mpaka sahani iwe tupu.